Nondo za Baraza

Kabura alikuwa amefunga nondo kwa miaka kumi na mmoja katika mijengo ya Nyeri bila kuonyeshwa ramani hata siku moja. Ramani ilikaa kwenye gari la bosi. Yeye alipewa waya, koleo na amri: hapa weka moja, pale weka mbili. Alipotimiza miaka arobaini na minne alichoka kuamrishwa kama mtu asiye na macho, akajiandikisha katika darasa la Jumamosi la kusoma ramani za ujenzi, kwenye chuo cha ufundi pale mjini.

Theuri, kontrakta aliyemwajiri, alimcheka mbele ya vibarua wote. "Mama Munene, ati unarudi shule? Utavaa na soksi?"

"Nitavaa," Kabura alimjibu. "Na Jumamosi usiniite kazi."

Darasani alikuwa mkubwa kuliko wote, hata mwalimu. Mwalimu Lynn, injinia kijana, hakuwa na mzaha wala huruma. Wiki mbili mfululizo alimrudishia daftari limejaa wino mwekundu. Wiki ya tatu wino ukapungua. Wiki ya saba Kabura alishika ramani akaiona nyumba ikisimama kwenye karatasi: nguzo, ngazi, mlango unaofungukia ndani. Siku hiyo alirudi kwake Wamagana akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Miezi hiyo walikuwa wakijenga nyumba ya kupangisha kule Majengo, mali ya Wakiuru, nesi mstaafu. Jumatatu ya kumwaga zege la ghorofa ya kwanza, Kabura alifika mapema, akakuta ramani imesahauliwa juu ya mifuko ya simiti. Akaifungua, akaisoma, kisha akapanda juu kuangalia baraza lililochomoza nje ya ukuta. Nondo za baraza hilo zilikuwa zimefungwa Jumamosi, yeye akiwa darasani. Ramani ilizitaka ziwe juu, karibu na uso wa zege. Zilikuwa zimelazwa chini.

"Bosi, hizi nondo ziko mahali mbaya," alimwambia Theuri alipofika. "Za baraza zinafaa kuwa juu."

"Mimi nimejenga miaka ishirini. Wewe umesoma Jumamosi ngapi?"

"Kumi na nne. Na ramani inasema juu."

"Shuka. Tunaanza kumwaga."

Hakushuka. Mashine ya kukoroga zege iliponguruma, aliketi katikati ya nondo zile, miguu ameikunja, koleo mapajani.

"Mwaga," akasema. "Lakini unimwagie mimi kwanza."

Vibarua waliobeba karai za kwanza wakasimama. Mmoja wao, Dedan, akaiweka yake chini. Kabura alijua kufikia jioni hatakuwa na kazi.

Theuri alimpigia Wakiuru simu aje amwone mwendawazimu aliyekalia nyumba yake. Wakiuru akaja, akapanda ngazi ya mbao polepole, akashika kiuno.

"Kwani shida ni nini, Mama Munene?"

Kabura alitoa nduma, kiazi cha chakula chake cha mchana, akakata kipande bapa, akakiweka ukingoni mwa ubao, nusu ikielea hewani. Akashikilia upande wa ndani, akabonyeza ncha ya nje. Ufa ukafunguka upande wa juu, kipande kikakatika, kikaanguka hadi mchangani.

"Umeona pahali imepasukia? Juu. Chuma inafaa kukaa hapo juu ndiyo ishikilie. Hawa wameweka chini. Na watoto wa wapangaji wako watacheza hapa, Mama."

Wakiuru alichungulia kule chini kipande kilikoangukia. Alikuwa ameshona na kufunga vidonda vya watu walioanguka kwa miaka thelathini.

"Hakuna kumwaga," akasema. "Mwite injinia aliyechora."

"Basi chagua," Theuri akang'aka. "Mimi ama huyu mama."

"Nachagua injinia."

Injinia alifika saa nane, akatazama kwa dakika mbili, akaamuru nondo zote za baraza zifunguliwe. Theuri akamgeukia Kabura, akamwambia, "Kesho usikuje." Kabura alikunja ovaroli yake, akawaaga wenzake, akaondoka kichwa juu.

Wiki tatu alikaa bila kazi. Jumamosi zote tatu alikwenda darasani, na ya mwisho akajiandikisha hatua ya pili.

Alhamisi iliyofuata Theuri alipiga simu. Wakiuru alikuwa amekataa ghorofa ya pili ianze bila fundi anayesoma ramani.

"Rudi. Lakini hiyo mdomo yako uwache nyumbani."

"Nikirudi, nakuja nayo. Na ramani itakaa nje, kila fundi aione."

Theuri akakata simu. Kabura akaendelea kumenya viazi.

Kesho yake jioni simu ikalia tena. Sauti ya Theuri ilikuwa imeshuka. "Sawa. Ramani itakaa nje. Njoo kesho asubuhi tuanze."

"Kesho ni Jumamosi, bosi," Kabura akamwambia. "Niko na darasa. Ningoje Jumatatu."