Namba ya Sanduku

Basi lilivuka mpaka kabla jua halijawa kali, na Mama Pasi alikuwa ameketi peke yake kwenye kiti cha watu wawili. Jina hilo la Pasi alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali, alikonyoosha mashuka ya wagonjwa miaka thelathini na moja. Nafasi ya dirishani ilikuwa ya mumewe, fundi viatu. Walizilipia zote mbili pamoja, na mzee akatangulia mbele ya haki ikiwa imebaki miezi mitatu kabla ya safari.

Mwongozaji wa safari, msichana mwenye kofia nyekundu, alikuwa akihesabu abiria.

"Mama, mwenzako kachelewa?"

"Ametangulia, mwanangu."

Msichana alitazama kile kiti kitupu, akaelewa. Baadaye alirudi na mto mdogo, akamwekea mgongoni.

Wengine wote walikuwa wawili wawili, wastaafu wenye muda na maneno. Upande wa pili alikaa mama mnene ambaye kila mtu alimwita Shangazi, pamoja na mumewe.

"Huyu nimemleta anibebee mizigo ya sokoni," alitangaza Shangazi.

"Nimekubeba wewe miaka arobaini, mizigo itanishinda?"

Basi zima likacheka. Mama Pasi naye alicheka, kisha akageuka dirishani kuona kama mzee wake amecheka. Akaivuta mikono yake mapajani.

Hakuja kutembea. Baba wa mumewe alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, na ilisemekana alizikwa katika mji huu waliokuwa wakiuendea, mwanawe akiwa bado tumboni. Mumewe aliandika barua tatu kuuliza kaburi. Mara zote tatu alijibiwa kwa adabu kwamba jina hilo halimo. Siku za mwisho, sauti ikiwa imebaki kidogo, alimwambia mkewe, "Nenda ukamtafute. Usimwache baba kama mtu asiye na kwao."

Ratiba ilianza na soko. Kelele zilikuwa zile zile za soko lolote: mwenye nyanya akiwaapia watu kwamba zimechumwa alfajiri, mwenye sufuria akizigonga kama ngoma, wanawake wakibishana huku wamekwisha kubaliana. Shangazi alikuwa amekwisha jaza vikapu viwili. Mama Pasi alipita polepole, akishika hiki, akirudisha kile, maana hakuwa na wa kumuuliza, "Unaonaje hiki?"

Mwisho wa kichochoro alikaa mzee aliyetandaza vyuma chakavu vya zamani: vifungo vya makoti ya askari, chupa za maji zilizobonyea, visu visivyo na mipini. Na katika sahani, viduara vya shaba, kila kimoja na tundu juu na namba katikati.

Mama Pasi alisimama kama aliyeitwa. Alifungua mkoba akatoa ufunguo wa sanduku la mama mkwe wake. Uzi ulioshika ufunguo ule ulishika pia kiduara cha shaba, chenye tundu na namba. Mama mkwe alikuwa akisema ni namba ya sanduku. Mumewe alikuwa akikipangusa kwa dawa ya viatu kila sikukuu.

Alimpungia mwongozaji aje amtafsirie. Mzee alikichukua kiduara, akakigeuza, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Anasema hiki ni cha mpagazi wa vita," msichana alisema taratibu. "Kila mmoja alikuwa navyo viwili. Akifa, kimoja kinazikwa naye, kingine kinapelekwa kwao."

Mama Pasi alikalishwa kwenye kigoda, akaletewa maji. Habari ya kifo ilikuwa imefika nyumbani siku nyingi, ikafungiwa kwenye ufunguo, na mumewe akaishika mkononi maisha yake yote.

Kutoka sokoni walipelekwa kwenye makaburi ya vita, wakapewa nusu saa. Wenzake walielekea kwenye ukuta wa majina. Yeye alimfuata mtunza makaburi, aliyekuwa akifagia, akamwonyesha kiduara. Kule kufulia, shuka halikutafutwa kwa jina la mgonjwa. Lilitafutwa kwa namba.

"Wenye majina wako mbele," alitafsiri msichana. "Wapagazi wako nyuma. Waliandikwa namba tu."

Mtunza makaburi aliegemeza ufagio wake, akatembea mwendo wa magoti ya Mama Pasi, hatua kwa hatua, bila kumharakisha. Safu ya sita kutoka mwisho, alisimama, akavua kofia. Kisha yeye na msichana wakasogea kando.

Mama Pasi alisoma jiwe, akasoma kiduara, akasoma jiwe tena. Elfu mbili mia saba kumi na sita.

"Shikamoo, baba," alisema. "Mimi ni mke wa mwanao. Alikuwa fundi viatu, mzuri. Alikutafuta."

Alikunja kitambaa chake mara nne, pembe kwa pembe, akafuta vumbi kwenye namba. Alitaka kukiacha kiduara pale juu. Alikiweka, akakitazama, kisha akakichukua na kukifunga tena kwenye uzi wa ufunguo. Hiki kilitumwa kwao. Na kwao kulikuwa bado na mtu mmoja.

Basi lilipoondoka, aligeukia kiti cha dirishani. "Tumempata," alisema.

"Nani, dada?" aliuliza Shangazi, akidhani anaambiwa yeye. Alipouona uso wa mwenzake aliweka chini vikapu. "Nije nikae hapo nawe?"

Mama Pasi aliweka kiganja juu ya kiti kitupu. "Leo kiache tu, dada yangu. Nitakusimulia."

Shangazi hakununa. Alichagua chungwa kubwa kuliko yote kikapuni, akamrushia mapajani.

Mama Pasi alilimenya taratibu na kuligawa sehemu mbili, kama alivyozoea. Alikula yake. Ile nyingine aliitandikia kitambaa kwenye kiti cha dirishani, ikasafiri naye mpaka mpakani.