Hatua Kumi na Moja za Sajini

Kijiji kizima cha Kitaya kilijua kuwa redio ikitaja vita, wa kuulizwa ni Sajini Athumani. Alipigana Uganda mwaka sabini na tisa, akarudi mzima, na tangu hapo hajawahi kukosa la kusema. Oktoba ile ya 2003, pale kwa fundi baiskeli, redio ilikuwa ikieleza jinsi Wamarekani walivyoingia Baghdad kwa wiki tatu tu, na jinsi askari wao wanavyouawa sasa mmoja mmoja.

"Sajini," akauliza Mwalimu Gaudensi, "dola kubwa la siku hizi bado lina ubavu wa kutwaa nchi ya watu na kukaa nayo?"

"Kutwaa si kazi, Mwalimu. Kazi kulinda. Ukishatwaa hulali, husafiri, kila anayekohoa unadhani anakusema wewe. Sisi Kampala tulifika, na hatukuchukua hata shamba la mtu. Bado tuliporudi nyumbani, sabuni kwa foleni! Sasa hao wanaotaka kubaki?"

Watu wakaangua kicheko cha kumkubali. Yeye hakucheka. Maneno "shamba la mtu" yalimrudia mwenyewe, kwa sababu la mtu alikuwa nalo.

Mwaka 1986 yeye na Fadhili, aliyetoka naye vitani, walifyeka pori wakagawana. Mpakani wakafukia chupa ya maji ya jeshi ya Fadhili, basi, hakuna karatasi. Fadhili akafa mwaka 1993, akamwacha mkewe Mwanakombo na binti mdogo, Asia. Msimu uliofuata, Athumani akipalilia mikorosho yake, jembe likavuka mpaka hatua moja. Hakuna aliyesema kitu. Mwaka wa pili likavuka nne, wa tatu sita. Alipofikisha hatua kumi na moja akapanda mikorosho mstari mzima, maana huku mti ni wa aliyeupanda, na ukishazaa, nani atakuhamisha?

Raha hakuipata. Msimu wa korosho alikuwa shambani tangu alfajiri, asije mjane akatangulia kuokota. Binti yake mwenyewe aliolewa Magomeni, Mtwara mjini, naye hakwenda, alisingizia mguu. Hata kuku wa Mwanakombo walionekana kwake kama wapelelezi.

Jioni ileile ya redio, Mwanakombo akaja kwake.

"Shemeji, nataka Asia apewe shamba lake mimi nikiwa hai. Kesho kamati ya ardhi inakuja kupima. Wameniuliza nani anaujua mpaka, nikawaambia mpaka wa Fadhili anaujua mtu mmoja tu."

Athumani alimtazama usoni akitafuta kejeli. Hakuiona. Mama wa watu alikuwa anamwamini, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

Kesho yake kamati ikaanzia upande wa mjane. Walipofika kwenye mstari wa mikorosho, mwenyekiti akasimama. "Ni hapa, Sajini?"

Angesema ndiyo, nani angembishia? Akachukua jembe. Akapita chini ya matawi kuelekea upande wake mwenyewe, akahesabu hatua kumi na moja, akachimba mpaka jembe likagonga bati. Akaitoa chupa, imebonyea, kitambaa chake kimeoza.

"Ni hapa," akasema. "Nimemwibia mjane wa mwenzangu miaka yote hii. Naona haya. Ikateni hiyo mikorosho."

Mwanakombo aliipokea chupa, akaifuta udongo kwa upindo wa kanga yake, polepole, mpaka bati likaonekana.

"Nani anakata mikorosho inayozaa?" akasema. "Ardhi ni ya Asia. Miti umeipanda wewe, ni yako. Wakati wa kuokota utapita kwangu, utapiga hodi, nitakuruhusu uingie. Na uji utakunywa."

Asubuhi ya kwanza ya kuokota Athumani alifika mlangoni kwa Mwanakombo na kapu lake. Ndani aliisikia sauti ya mwiko ukikoroga uji. Akasimama pale mpaka jua likapanda, yeye aliyefika Kampala, hodi imemshinda kutamka.