Radhi Kabla ya Visa

Zainabu alikuja wa mwisho. Nyumba ilikuwa bado inanukia udi, masinia ya mahamri karibu matupu, nami niko juu ya mkeka na leso yangu mpya, mkono umechoka kwa kushikwa. Tangu dua ya alasiri kijiji chetu kizima cha Bodo kilikuwa kimepita pale. Kila mmoja akiinama, ananipa mkono, anasema yale yale: Mama Ikram, nisamehe nilipokukosea, nami nimekusamehe. Wengine makosa yao yalikuwa ya kuchekesha. Mmoja aliniambia kuku wangu aliyepotea mwaka wa korona alikuwa mtamu sana.

Kwetu msafiri haondoki na mizigo ya watu kifuani, wala hawaachii ya kwake. Anayekwenda Maka huombana radhi na mji mzima, maana huenda asirudi. Mimi, haki ya Mungu, sikuwa naenda Maka. Nilikuwa naenda Ulaya kupanda meli ya watalii, juma zima nikae kitako juani niletewe maji ya matunda na watu waliovaa glavu. Lakini maji ni maji, na ile ni safari, kwa hiyo nikaaga kama wanavyoaga watu wenye adabu.

Meli yenyewe ndiyo anayofanyia kazi mwanangu Ikram. Anatandika vitanda humo. Kampuni yao humruhusu mfanyakazi waliyeridhika naye amwalike mzazi bila malipo, na zamu ya Ikram ilipofika alinitumia ujumbe wa sauti uliojaa kilio cha furaha. Mimi nililia kumshinda, kwa sababu Ikram nyumbani haji. Akipewa likizo huimalizia huko huko bandarini kwa wenzake. Wala simlaumu. Alikuwa amechumbiwa na Sufyan, kijana wa Msambweni, mahari imekwisha kuletwa na ukumbi umekwisha kupambwa, mara watu wa Sufyan wakatuma mtu kusema basi, hawaendelei. Sababu hawakuitaja. Haukupita muda Sufyan akamwoa Hadiya, binti wa Zainabu, na mimi na Zainabu ukuta wetu ni mmoja. Mwanangu alisikiliza vigelegele vya harusi ile akiwa amelala kifudifudi kitandani mwake, kisha akatafuta kazi ya mbali kuliko zote alizozisikia. Sufyan akahamia kwa mkewe, watoto wakazaliwa, na Ikram hakukanyaga tena mlango wetu. Kama nilitaka kumtia mwanangu machoni kabla sijafa, njia ilikuwa meli ile tu.

Basi Zainabu akaja, akapiga magoti. Nikadhani na yeye kala kuku.

"Mama Ikram," akasema, "mimi ndiye niliyewaambia watu wa Sufyan kwamba Ikram ana kifafa."

Akaendelea, macho kwenye mkeka. Alimtaka kijana yule kwa Hadiya, alisema. Shetani alimpitia. Alikuwa akinisikia ninavyolia upande wa pili wa ukuta na akashindwa kulala, miaka yote hiyo, na sasa kama ningezama huko bila kumsamehe angefanyaje mbele ya Mola wake.

Nitasema kweli ilivyokuwa moyoni. Sikukasirika. Siku chache zijazo nilikuwa naenda kumkumbatia mwanangu, na mtu mwenye furaha ya namna ile ni kama mlevi, humwaga tu. Nilimshika mabega nikamwinua. Nikamwambia nimekusamehe, duniani na akhera. Nikamfungia hata mahamri yaliyobaki awapelekee wajukuu zake.

Sasa utaniuliza, mwanamke wewe, uliwaaga watu kabla ya kupewa visa? Niliwaaga. Nani Bodo aliyewahi kunyimwa visa? Mahujaji wetu hukusanya pasi zao, ajenti huzipeleka anakojua yeye, zikarudi zimepigwa muhuri. Na kwa njia ya maji ndiyo kabisa. Watu wetu huvuka mpaka kwenda Moa na Tanga kuzika na kuozesha, wakarudi, hakuna aliyewahi kuwauliza wamekwenda kufanya nini. Isitoshe, siku niliyopangiwa kuonana na watu wa ubalozi ilikuwa imegandana na siku ya ndege. Ikram alisema nitoke na sanduku langu kabisa, kutoka kwenye visa niende uwanjani. Basi nikapanda treni na sanduku, na uso wa mtu aliyekwisha kufika.

Ubalozini nilikaa mbele ya kioo. Nyuma yake kulikuwa na binti wa bara, mpole wa kutosha, na nyuma ya binti kulikuwa na mzungu aliyeinamia kompyuta yake. Binti alikuwa akiuliza na kumtafsiria.

"Mama, umeandikwa kazi wapi?"

"Nabandua chaza kwenye mikoko, nawauzia mahoteli ya Diani."

"Nani amekuandika?"

"Chaza hawaandiki mtu, mwanangu."

Hakucheka. Akauliza kama nina shamba la jina langu. Nikamwambia shamba ni la babu yetu, letu sote. Mume? Marehemu. Watoto wengine? Ni huyo huyo wa meli.

"Wajukuu?"

Hapo ndipo nilipomfikiria Zainabu kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani. "Sina," nikasema.

"Sasa mama, mtoto wako wa pekee yuko huko. Hapa ni nini kitakufanya urudi?"

"Watu wangu," nikamjibu. "Nimewaaga vizuri."

Binti akatafsiri. Mzungu akainua uso, mara ya kwanza, akauliza kitu.

"Anataka kujua umewaaga vipi."

Jamani, nilifurahi. Nilidhani sasa nimepata mtu wa kuniona kwamba nami nina kwetu, nimezaliwa na watu. Nikamweleza yote. Nikamweleza dua, udi, watu walivyopanga foleni mpaka kisimani. Nikamwambia nimeomba radhi kwa kila mtu, mbuzi wangu nimempa jirani, ufunguo wa nyumba nimemwachia shangazi. Binti alikuwa anatafsiri polepole, akinitazama kama anayetaka kunikanyaga mguu chini ya meza.

"Anauliza kwa nini mnaombana msamaha."

"Kwa sababu huenda mtu asirudi," nikasema.

Pasi yangu nilirudishiwa kesho yake ndani ya bahasha, pamoja na karatasi. Askari wa getini ndiye aliyenisomea: hawakuridhika kwamba nakusudia kurudi kwetu. Nilimwomba asome tena. Akasoma, akanielekeza kituo cha treni.

Meli iliondoka. Ikram alinitumia ujumbe mfupi wa sauti, akasema basi mama, haikuandikwa, na sauti yake ilikuwa kavu. Afadhali angelia.

Nilipoteremka Bodo na sanduku langu watu walinipa pole kwa heshima, ingawa niliona wanavyotazamana. Nilikuwa kichekesho, najua. Lakini sikumjali yeyote ila mmoja. Zainabu alikuwa amesimama mlangoni kwake, mjukuu kiunoni, akanitazama kama anayeona maiti anarudi na sanda yake mkononi. Mtoto alikuwa na macho ya Sufyan. Nikampungia mkono yule mtoto, nikaingia ndani, nikauma mto wangu mpaka taya zikaniuma.

Wajukuu niliokosa kuwataja pale kwenye kioo walikuwa wakicheza upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa nikiwasikia wakipigishana kelele asubuhi, nikiwasikia wakiogeshwa. Na neno la kumwambia bibi yao sikuwa nalo, kwa sababu nilikwisha kulitumia lile kubwa kuliko yote nikiwa mlevi wa furaha.

Zainabu alikuja mwenyewe, Ijumaa baada ya swala. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Yale nilikwambia kwa sababu unaondoka," akasema.

"Najua."

"Na ulinisamehe, Mama Ikram."

"Nilikusamehe. Sirudi nyuma."

Mabega yake yakashuka. Akaanza kushukuru. Simu ikalia, na alikuwa Ikram, maana Ijumaa ndiyo siku yake ya kunipigia. Nikaiacha ilie kidogo.

"Nilikusamehe langu," nikamwambia. "La huyu si langu. Mwombe mwenyewe." Nikabonyeza, nikasema Mama Hadiya yuko hapa, nikamwekea Zainabu sikioni.

Sauti ya mwanangu ilitoka nyangavu: "Nani? Mama Hadiya? Shikamoo. Hadiya hajambo? Watoto je?"

Zainabu aliishika simu kwa mikono miwili. "Hawajambo," akasema, "wanakusalimu," na machozi yakamshuka mpaka shingoni.

Tangu siku hiyo kila Ijumaa huja, kwa sababu asipokuja mimi humwita kwa sauti, na Hadiya atauliza kuna nini. Mimi humpa simu kabla sijaongea mwenyewe. Bado hajasema alichofanya. Ningeweza kumwambia Ikram mimi, neno moja tu, lakini hapo nitakuwa nimempumzisha Zainabu.

Juzi Ikram akaniuliza, "Mama, mbona Mama Hadiya hulia kila akiongea nami?"

"Anakupenda," nikamwambia.

"Sikujua kama kuna mtu mwingine huko anayenikumbuka," akasema.

Mwenzake mmoja wa melini alikuwa anarudi Likoni kwa likizo, naye Ikram akamkabidhi zawadi: chupa mbili za manukato, moja yangu, na moja, kubwa zaidi, ya Mama Hadiya. Ya Zainabu nilimpelekea mwenyewe. Nikakaa pale mpaka akajipaka.