Sauti ya Pili ya Epiphanie

Rehmat Kanji alizaliwa Mwanza, katika ukoo wa Wahindi waliouza vitambaa mjini humo kwa vizazi vitatu. Alipohamia Richardson, kando ya jiji la Dallas, kwa kazi ya kompyuta, alikuja na ghazali za bibi yake kichwani, zile nyimbo za mapenzi za Kiurdu, lakini hakuwa na wa kuimba naye.

Akampata Epiphanie kwenye harusi ya Mtanzania mmoja. Epiphanie alikuwa mwanamke Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma. Alifua mashuka hotelini na kuimba kwaya kanisani. Rehmat alipoanza kuimba Kiurdu, Epiphanie, akiwa bado mezani na sahani yake ya pilau, aliidaka sauti ya pili bila kuelewa neno hata moja.

Kwa miaka minne walifanya mazoezi kila Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa Epiphanie, mtaa wa Vickery Meadow, Dallas. Ghazali ikachanganyika na kwaya, ngoma za Burundi zikaingia humo kama wenyeji. Walikuwa wamerekodi wimbo mmoja tu, wa Kiswahili, Epiphanie alipoanza kukohoa damu.

"Ni kansa ya koo," aliwaambia daktari bingwa wa Houston, walikotumwa kwa matibabu. "Tusipoondoa zoloto, kiungo kinachotoa sauti, tutampoteza."

Epiphanie alimgeukia Rehmat, aliyekuwa akimtafsiria. "Dada, mwambie akate. Nina watoto."

Wimbo ulisambaa mtandaoni yeye akiwa bado wodini. Ukapigwa redioni Karachi, London, Nairobi. Mialiko ikamiminika. Epiphanie, ambaye sasa hakuweza tena kusema, akaandika kwenye daftari: "Nenda. Ila sauti yangu iliyorekodiwa usiipige jukwaani. Itakuwa kama ninahudhuria mazishi yangu."

Rehmat aliahidi. Akaimba peke yake Toronto, akaimba peke yake London, na kote huko watu waliuliza yule wa pili yuko wapi.

Likaja onyesho la Houston, ambalo waamuzi wa tuzo kubwa ya kimataifa wangehudhuria.

"Bila ile sauti, wimbo ni nusu," alisema meneja wake, Humphrey. "Mara moja tu, Rehmat."

Akakubali. Hakujua kwamba Epiphanie, aliyekuwa Houston kwa vipimo, alikuwa amekata tiketi ili amshtukize kwa furaha.

Sauti ile ilipotoka kwenye spika, watu elfu tatu walisimama. Safu ya tano alisimama pia mwanamke mwenye skafu shingoni. Rehmat akamtambua, akadhani anashangilia. Kumbe alikuwa anatafuta mlango, mkono kooni.

Tuzo ilitangazwa Machi, akaipata Rehmat. Siku ya pili yake Rehmat alikwenda Vickery Meadow. Epiphanie akamfungulia, akamwekea chai. Rehmat akalia, akaomba radhi kwa kila namna aliyoijua. Mwenzake alimwacha amalize, ndipo akaandika:

"Nilikuwa nimeanza kusahau ilivyokuwa nzuri. Ungeniacha nisahau."

Chini yake akaongeza: "Usije kwa muda, dada."

Ni mwaka wa pili sasa. Rehmat ameimba katika nchi kumi na moja. Ule wimbo hauimbi tena. Wakimwomba, husema tu kwamba mwenye wimbo yu hai, yuko Dallas, na wamwache apumzike.