Karafuu Nne za Amosi

Kicheko cha Klara kiliruka ukuta, kikapita juu ya banda la kuku, kikaingia sikioni mwa Masalu, mumewe, kikakaa humo kama mdudu. Mara ya tatu wiki ile. Masalu alikuwa mpimaji wa pamba Kishapu hadi alipostaafu, na hapa Mwakitolyo kazi iliyombakia ilikuwa kupima vicheko vya mkewe. Vya nyumbani vilikuwa vya gramu. Vya kwa Amosi vilikuwa vya marobota.

Amosi, jirani yao kijana, alinunua dhahabu kwa wachimbaji. Kila jioni aliketi barazani na glasi ndefu ya wiski na kola. Klara aliuza barafu, na ya Amosi aliipeleka mwenyewe, ndani ya kikapu kilichofunikwa kitenge, kana kwamba barafu inaona haya.

"Shikamoo, Baba Vumilia!" Amosi aliita, glasi juu.

"Marahaba," alijibu Masalu, kama aliyemeza kaa la moto.

Masalu angemjibu kwa kuinua glasi yake mwenyewe, ila pombe ilishamfukuzia mke zamani. Klara alirudi kwa sharti moja: "Nikiinusa tena kwako, naenda kwa kaka zangu, na mara hii usinifuate." Tangu hapo Masalu hajagusa hata togwa iliyolala ikachacha.

Ijumaa, Klara alipovuka tu na kikapu, Masalu aliingia jikoni. Alichemsha vijiko vinne vya majani ya chai katika kikombe kimoja cha maji, akatia tangawizi na punje za pilipili manga. Akaunguza sukari kwenye kikaango mpaka paka akahama nyumba, akaichanganya humo, akadondoshea siki kidogo ili ing'ate koo. Akachuja, akapoza. Kisha barafu mpaka ukingoni mwa glasi, vidole viwili vya ile chai, kola ikiteremshwa taratibu ubavuni, na kipande cha limao. Mlevi wa miaka arobaini angeapa ni wiski.

Akaketi barazani. Klara ataona. Atashtuka. Atalia kidogo, maana asiyejali halii.

Na je, asipolia? Akifunga tu mzigo? Akainuka na glasi yake aimwage.

Klara akatokea.

"Masalu."

Jina hilo hulitumia siku za balaa tu. Masalu alifungua kinywa aseme ni chai, lakini alichelewa. Klara akaichukua glasi, akanusa, akanywa nusu nzima.

"Sukari umeiunguza mno," akasema. "Halafu hukutia karafuu."

"Karafuu gani?"

"Ya Amosi naitia nne."

"Ya Amosi?"

Klara akashusha sauti. "Ana vidonda vya tumbo, daktari kamkataza pombe tangu Pasaka; kikapuni nampelekea chai kama hii. Lakini wachimbaji humletea dhahabu jioni wakidhani kalewa, eti atapunjika kwenye mizani. Wakijua anakunywa chai, watahamia kwa mwingine."

"Ukanificha mimi, mumeo?"

"Wewe, Baba Vumilia? Siri ukiipata asubuhi, saa sita iko Ushetu."

"Na vile vicheko?"

"Ungemwona anavyoigiza ulevi! Jana kampa mbuzi shikamoo, akasimama kungoja marahaba."

Masalu nusura acheke. Mdudu wa sikioni alikuwa ameshatoka mguu mmoja. Kisha akakumbuka jambo, mdudu akarudi ndani.

"Kwa hiyo yeye karafuu nne. Mimi, miaka thelathini na mmoja ndani ya nyumba hii, chai yangu haijaona hata moja!"

Klara alimtazama, akaishika nguzo ya baraza, akacheka mpaka kitenge kikamlegea. Masalu alikipima kile kicheko kwa makini. Robota zima, na ziada.

"Mama Vumilia!" Sauti ya Amosi ilitoka ng'ambo ya ukuta, imenuna. "Mnacheka nini huko?"

"Marahaba!" Masalu akajibu kwa sauti ya kilevi, ingawa hakuna aliyemwamkia, akaitwaa glasi, akanywa nusu iliyobaki.