Nywele za Bi Mok

Filamu yetu ilihusu wanahabari waliofungiwa gazeti lao na serikali, na kila aliyekubali kuhojiwa alikuwa na sharti lile lile: asijulikane. Mpanga kurasa alitaka tumzibe uso kwa ukungu. Siku ya pili akapiga simu tumzibe na mikono. Mhariri wa michezo alitaka hata mbwa wake azibwe, maana mtaa wote wa Sham Shui Po, hapa Hong Kong, unamjua. Muuza tambi aliyekuwa akiwauzia chakula tu, akataka tuzibe bakuli.

"Bakuli lina kosa gani?"

"Madonge yangu ya samaki hayafanani na ya mtu," alisema. "Watayajua."

Sikumcheka. Nilicheka kwenye lifti. Miezi minane ya kazi, na nilichokuwa nacho ni ukungu unaozungumza. Alibaki Bi Mok, aliyeitwa hivyo kwa ukoo wa mumewe, mama wa mwandishi wao Tsz-kiu, aliyekuwa rumande mwaka wa pili.

Nilimkuta na nywele mpya za mawimbi, zimepuliziwa dawa hadi zikawa ngumu kama kofia.

"Tutakuziba uso, mama," nikamwambia. "Wakikujua, watakunyima kumwona Tsz-kiu."

"Nimekaa saluni saa tatu nzima nikichomwa kichwa, halafu uniweke moshi?"

"Ni kwa usalama wako."

"Wewe Yiu, ulivyokonda hivyo, wako nani anaulinda? Kula keki ya figili kwanza."

Nikala. Kisha nikamwambia ukweli: dakika kumi na tano kwa siku, nyuma ya kioo, ndizo pekee alizonazo na bintiye, na niliogopa mimi ndiye nitakayemponza.

Akatoa gazeti la zamani kwenye droo, akaweka kidole chini ya kichwa cha habari.

"Soma hapa."

"Mok Tsz-kiu."

"Umeona ukungu wowote?"

Nikalisoma jina tena.

"Nilimsihi atumie jina la uongo, akakataa. Yeye yuko ndani na jina lake, mimi wa nje nijifiche? Washa mashine yako."

Jana tuliionyesha Taipei. Saa nzima ni mawingu tu: mawingu yanalia, wingu dogo linabweka. Watu walicheka, nami nikaona aibu. Halafu skrini ikajaa nywele.

"Naitwa Ngan Lai-wah, mama yake Mok Tsz-kiu. Jina liandikwe lote." Akajishika nywele. "Umri usiandikwe."

Kipande hicho kikasambaa kwenye simu kabla hatujatoka ukumbini. Leo asubuhi nimekaa na simu mkononi, hadi Bi Mok akapiga kutoka nje ya gereza.

"Wamekuruhusu?"

"Askari mmoja wa kike alinitazama, akatazama simu yake, akanitazama tena. Nikajua basi, nimekwisha."

"Kisha?"

"Kaniuliza saluni ipi."

Nilicheka peke yangu. Yeye hakucheka.

"Dakika zote kumi na tano, Yiu, mtoto hakuuliza lolote la kesi. Aliniangalia uso tu."