Shingo ya Mgonga Vikombe

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, mgonga vikombe alichukua kikombe kutoka kwenye mkanda unaotembea wa kiwanda, akakigonga ubavuni kwa kijiti chake cha mbao, na sikio lake la kushoto halikusikia kitu. Aligonga tena. Sikio la kulia lilimletea mlio mwembamba, kama unaotoka chumba cha pili. La kushoto lilikuwa limefungwa. Alilichokoa kwa kidole, akapiga miayo, akameza mate, kisha akakiweka kikombe kwenye trei ya vizima kwa kubahatisha, kwa sababu mkanda haumngoji mtu.

Vikombe vikitoka tanurini hufanana vyote. Kuna ufa mwembamba kuliko unywele ambao jicho haliuoni, lakini kikombe kizima kikigongwa huita, na chenye ufa hukohoa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile akisikiliza nani anaita na nani anakohoa, vikombe elfu mbili kwa siku, na kiwanda kizima kilimwita Masikio. Hata cheti cha mfanyakazi bora kilichotundikwa kantini kiliandikwa Masikio, maana aliyekiandika hakujua jina lingine na hakutaka kujisumbua kuuliza.

Tangu mwanzo wa mwaka mwili wake haukuwa wake. Alivaa sweta kwenye ukumbi wa tanuri ambako wenzake walifungua vifungo kwa joto. Nywele zilibaki kwenye kitana. Aliamka amechoka kuliko alivyolala. Shingo nayo ilikuwa inanenepa kwa mbele, chini ya kidevu, na wenzake walimpongeza. "Ndoa imekukubali, Masikio," walimwambia, naye alicheka kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya akitaniwa wakati wa chai.

Sikio halikurudi Jumatano wala Alhamisi. Ijumaa, msimamizi alipopita nyuma ya kiti chake, alisikia kikombe kikiita mara mbili, mara ya kwanza mezani na mara ya pili ndani ya kola ya Masikio. Aliinama, akatega sikio.

"Inatoka shingoni," alisema.

"Ndiyo," alijibu Masikio. "Tangu jana, nadhani."

Sauti zote zilizokosa mlango sikioni zilikuwa zimeshuka kooni na kukaa kwenye ule uvimbe. Akiweka vidole pale alihisi kila kikombe kikitetema, kizima kwa mtetemo mrefu, chenye ufa kwa mshtuko mfupi uliokatika. Alifunga macho akajaribu ishirini, na hakukosea hata kimoja. Msimamizi alisimama na saa mkononi. Mkono wa kushoto ukiwa shingoni na wa kulia ukigonga, Masikio alikuwa na kasi kuliko alipokuwa na masikio mawili. Msimamizi aliandika kwenye ripoti ya wiki: "Sikio moja limekufa. Shingo inafanya kazi vizuri." Kisha akamletea kiti chenye mto.

Kilichokuwa kinamtesa Masikio ni kutotulia. Shingo ilikusanya mchana kutwa, na alipofika nyumbani ilianza kuyatoa yote, vikombe elfu mbili, mlango wa tanuri, troli lisilotiwa mafuta, vicheko vya kantini. Alikaa, akainuka. Alifagia chumba kilichokwisha kufagiliwa. Alianza kukunja nguo akaziacha katikati, akaenda dirishani, akarudi, akasahau alichoendea. Alikuwa na uchovu wa kulala wiki nzima, na miguu isiyokubali kulala. Na aliogopa. Sikio la kulia ndilo lililokuwa limebaki, na alilishika kila mara kama mtu anayehakikisha ufunguo haujadondoka mfukoni.

Wiki ya tano kola za blauzi zake zilikataa kufunga, akampelekea wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ni fundi cherehani. Wifi alimsimamisha katikati ya chumba, pini tano mdomoni, akaanza kupima.

"Tulia basi, wifi. Nitakuchoma halafu kaka yangu aseme nimekuua."

"Siwezi kutulia."

"Miaka kumi na tisa umekaa kiti kimoja, leo ndiyo huwezi?"

Alipoinamia upande wa kushoto kuweka pini, shingo ilikuwa imefika kwenye mambo ya saa nane mchana. Ilinong'ona upande ule, kwa sauti ya mwanamume: "Majibu ya damu yake uliyaweka wapi?" Ikajijibu kwa sauti ya mwanamke: "Kwenye droo, bosi, tangu ule upimaji wa mwaka. Miezi minane sasa. Tezi yake imelala kabisa. Na hilo sikio nilikwambia wiki ileile lilipozimika, huenda ni mambo hayohayo, na sikio likizimika ghafla linatakiwa kuwahiwa." Sauti ya mwanamume ikasema: "Mwache amalize oda kwanza. Tukimwambia, kesho ataomba ruhusa."

Wifi alitoa pini mdomoni moja moja. Alihamia upande wa kulia, akamrudishia maneno yote bila kupunguza hata moja.

"Huyo ni msimamizi na muuguzi wa kiwanda," alisema Masikio. "Walisimama kushotoni kwangu. Niliona midomo inacheza, nikadhani wanaongea mambo ya chakula."

"Watu hawana haya," alisema wifi. "Wanakuongelea shingoni kwako mwenyewe!"

Kesho yake alikwenda hospitali. Daktari alimpima masikio kwa mashine, akamtoa damu, akamshika shingo, kisha akaisikiliza kwa kifaa cha kusikilizia moyo. Alisikia foleni ya nje, mtoto akilia na msimamizi akidai trei. Aliandika: "Kelele za kawaida za kazini."

"Tezi yako ya thairoidi imezembea," alimwambia, akihakikisha amekaa upande wa kulia. "Ikizembea, mwili mzima huzembea. Sikio nalo linaweza kuguswa. Siwezi kukuapia kwamba ndiyo iliyolizima, ila tulitakiwa kuijua mapema. Limezimika lini?"

"Jumanne. Wiki ya tano sasa."

Daktari aliweka kalamu chini. "Ungekuja wiki ile ya kwanza tungekuwa na nafasi nzuri. Sasa nitajaribu, lakini sitakudanganya. Tezi tunaiweza. Ni kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kula."

Masikio aliuliza kidonge kina ukubwa gani. Daktari alimwonyesha. Kilikuwa kidogo kuliko kifungo cha shati, na hapo ndipo alipolia, kwa hasira, mbele ya mtu asiyemjua.

Kiwandani alikwenda moja kwa moja ofisini, hakusubiri kuitwa. "Nataka majibu yangu."

Msimamizi alifungua droo akampa bahasha. Hakuona aibu yoyote. "Yapo salama. Tulikuwa tunakutunzia."

"Mmenitunzia sikio?"

"Kazi haijasimama, Masikio. Tena umezidi." Alitazama shingo yake kwa heshima ambayo hakuwahi kuitazama nayo sura yake. "Vidonge umeanza?"

"Kesho asubuhi."

"Ukimeza, hiyo itapungua?"

"Daktari anasema huenda."

"Basi subiri oda itoke. Siku ishirini tu. Umevumilia miezi minane."

Alifika nyumbani roho juu. Hakungoja kesho. Alimeza kile kidonge amesimama jikoni, kisha akazunguka meza mpaka mumewe akamuuliza kama kuna kitu kimepotea.

Aliandika barua ya malalamiko makao makuu, wifi akiwa shahidi. Makao makuu walijibu kwa heshima. Walisema maneno yaliyohifadhiwa shingoni mwa mfanyakazi, kwa kuwa yalisemwa saa za kazi, ni mali ya kiwanda, na anaombwa asiyatoe nje tena. Muuguzi alihamishiwa tawi jingine. Msimamizi alibaki.

Wiki zilivyopita baridi ilimtoka. Sweta lilibaki nyumbani, nywele zikakaa kichwani, usingizi ukawa usingizi. Shingo nayo ilianza kunyamaza, kwanza troli, kisha vicheko, mwisho vikombe. Siku moja aligonga vikombe vitatu, vidole vikiwa pale chini ya kidevu, na hakujua yupi ameita na yupi amekohoa. Sikio la kushoto halikurudi. Walimhamishia idara ya kupakia maboksi, ambako hakuna cha kusikiliza, na jina la Masikio likamfuata hukohuko.

Jumatatu iliyofuata tangazo lilibandikwa getini. Anatafutwa mgonga vikombe, mwanamke, mwenye subira na uvimbe wa shingo unaoonekana. Asiyekuwa kwenye matibabu atapewa kipaumbele.

Saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imefika kona ya barabara. Msimamizi alipita shingo kwa shingo, akigonga kikombe na kutega sikio, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Masikio aliacha maboksi yake, akatoka, akaenda kwa mwanamke wa mwisho na kusimama ili amweke kuliani kwake.

"Dada, huo uvimbe una muda gani?"

"Tangu mwaka jana."

"Unasikia baridi?"

"Sana. Na uchovu, we acha tu."

"Na masikio?"

"Mazima yote, kwa sasa."

"Nenda hospitali leo. Toka hapa, uende leo hii. Ni kidonge tu, kidogo hivi. Mimi nilichelewa."

Yule mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, bila kumkatiza. "Asante, dada yangu," alisema. "Ila nikimeza hicho kidonge, hapa watanichukua?"

Masikio alikuwa amesikia vizuri, lakini alimwomba arudie. Mwanamke akarudia.

"Hapana. Hawatakuchukua."

"Asante," alisema tena yule mwanamke. Alifungua skafu yake shingoni, akaikunja vizuri, akaitia kwenye mkoba, akasogea hatua moja mbele kwa sababu foleni ilikuwa imesogea.